Kwenye simu ya mama, mtoto ana miaka 38

Saa mbili usiku, katika nyumba nyingi za mjini, simu ya mama hubadilisha mikono. Mwenyewe yuko jikoni, au amejinyoosha kidogo baada ya kutwa nzima ya kusimama, na simu iko kwenye chaji pembeni ya kochi. Mtoto wa darasa la sita haombi namba ya siri. Aliijua zamani, tangu enzi za katuni. Anaingia TikTok kwa akaunti ile ile ambayo mama hutazamia mapishi na mahubiri. Kwa upande wa TikTok, aliyeshika simu si mtoto. Ni mwanamke wa miaka 38, kwa sababu huo ndio umri unaotokana na mwaka wa kuzaliwa uliojazwa siku akaunti ilipofunguliwa.

Mazungumzo mengi kuhusu usalama wa watoto mitandaoni huanza na mtoto wa namna nyingine kabisa: mwenye simu yake, laini yake na chumba chake, na mzazi ambaye anachokosa ni kuonyeshwa tu kitufe cha kubonyeza. Mtoto huyo yupo. Yupo katika mitaa ya wenye nacho kama Masaki na Karen. Ila mtoto wa Mbagala au wa Kisumu kwa kawaida huazima: simu ya mama, ya shangazi, ya dada wa kazi, ya kaka aliyemaliza kidato cha nne na bado anasubiri matokeo. Na kwa kuwa huazima, ulinzi uliotengenezwa kwa ajili yake haumkuti.

Ulinzi wenyewe si haba. TikTok huifanya akaunti ya mwenye miaka 13 hadi 15 kuwa ya faragha tangu siku ya kwanza, na aliye chini ya miaka 16 hawezi kutumia ujumbe wa inboksi. Kurusha laivu kunaruhusiwa kuanzia miaka 18, sharti lililowekwa mwishoni mwa 2022. Instagram nayo ilianzisha akaunti za vijana Septemba 2024: haziko wazi kwa kila mtu, mtu ambaye kijana hamfuati hawezi kumwandikia, arifa hunyamazishwa kuanzia saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi, na aliye chini ya 16 hawezi kulegeza masharti hayo mpaka mzazi akubali. Ni kazi nzuri, na ilichukua miaka ya kelele za wazazi na kesi za mahakamani kuipata. Yote imetundikwa kwenye msumari mmoja: tarehe ya kuzaliwa.

Hata ile miaka 13 inayotajwa kila mahali kama ruhusa ya kuingia mitandaoni, asili yake haihusiani na utayari wa mtoto. Ilitoka katika sheria ya Marekani ya 1998, iliyoanza kutumika 2000, iliyokataza tovuti kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Hoja ilikuwa taarifa na matangazo ya biashara. Kampuni ziliona kutafuta idhini ya kila mzazi ni gharama na usumbufu, zikaandika kwenye masharti yao kwamba aliye chini ya 13 haruhusiwi, basi. Mstari uliochorwa Washington kwa ajili ya wafanyabiashara ndio leo unaosomwa Dodoma kama ushauri wa malezi.

Australia imeamua kuusogeza mbali zaidi. Novemba 2024 bunge lake lilipitisha sheria ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii, na tangu tarehe 10 Desemba 2025 sheria hiyo inafanya kazi. Adhabu haimwendei mtoto wala mzazi. Kampuni isiyochukua hatua za maana inaweza kutozwa hadi dola milioni 49.5 za huko. Habari hiyo ilishangiliwa na wazazi wengi wa Afrika Mashariki, na si ajabu kusikia mtu akiuliza kwa nini na sisi tusifanye vivyo hivyo.

Mambo mawili yanafaa kuangaliwa kabla ya kushangilia zaidi. Kwanza, WhatsApp haimo katika katazo la Australia, kwa kuwa sheria imeziacha nje programu za kutumiana ujumbe. Kwa familia nyingi za huku, WhatsApp ndiyo intaneti yenyewe: ndiko kuliko na kundi la darasa, kundi la ukoo, kundi la kwaya, na ndiko video ya mtoto wa jirani inakopita. Pili, kuthibitisha umri kunahitaji kitu cha kuthibitishia. Kitambulisho cha taifa kwa kawaida hupatikana mtu akifikisha miaka 18, na wako watoto wengi wasio na hata cheti cha kuzaliwa. Wapo wanaosema kamera itapima uso. Haya, itapima. Itaukuta uso wa mama, itaridhika, na saa mbili usiku simu itarudi pembeni ya kochi.

Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo wake wa kuwalinda watoto mtandaoni Aprili 2025, na mwongozo huo nao unazitaka kampuni ziwe na njia za kuhakiki umri. Ulitoka wiki chache tu baada ya aibu kubwa. Machi mwaka huo BBC ilichapisha uchunguzi juu ya laivu za TikTok nchini Kenya, ambamo wanawake watatu walieleza kwamba walianza kuuza picha na maonyesho ya ngono wakiwa bado mabinti wadogo. Biashara ilikuwa na utaratibu. TikTok ilitumika kama dirisha la duka: msichana anacheza muziki mbele ya kamera, watazamaji wanarusha zawadi za emoji zinazogeuzwa fedha, na kwa maneno ya mafumbo wanakubaliana bei ya kitu ambacho kitatumwa kupitia programu nyingine ya ujumbe. BBC ilikuwa imegundua awali kwamba kampuni ilikuwa ikikata takriban asilimia 70 ya mapato ya laivu. TikTok ilikanusha kiwango hicho, ikasema haivumilii unyonyaji wa watoto.

Lililo muhimu hapa ni jinsi sharti la miaka 18 lilivyokuwa likikaa pale pale bila kumsumbua mtu. Mtoto hahitaji kulivunja. Anahitaji mtu mzima mwenye akaunti yenye umri unaotakiwa na wafuasi wa kutosha, na mtu mzima wa namna hiyo, mwenye nia mbaya, hakosekani.

Kuna la lugha pia. Mchujaji mmoja wa zamani wa maudhui ya TikTok aliiambia BBC kwamba orodha ya maneno yaliyokatazwa waliyopewa ilikuwa finyu na haikujali misimu ya mitaani. Yeyote anayeijua Sheng anaelewa maana yake. Neno la leo Eastlands likishika, kesho kutwa limepata pacha, na wiki ijayo limeachwa kwa wazee. Mashine iliyofundishwa zaidi kwa Kiingereza inasoma mazungumzo hayo kama salamu. Mkenya wa miaka 15 anayasoma bila shida, na anayemnunua pia.

Hata hivyo ingekuwa kosa kumalizia hapo, kana kwamba hatari yote iko kwenye laivu za usiku na wateja wasiojulikana. Utafiti mkubwa uitwao Disrupting Harm, uliofanywa na ECPAT, INTERPOL na UNICEF katika nchi kadhaa zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, ulitoa ripoti ya Tanzania mwaka 2022. Ulikuta asilimia 67 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti. Kati ya wanaotumia, asilimia 4 walikuwa wamekutwa na vitendo vya wazi vya unyanyasaji wa kingono uliohusisha mtandao ndani ya mwaka mmoja, kiasi ambacho kwa hesabu ya nchi nzima kinakadiriwa kufika watoto 200,000. Na mara nyingi mtendaji ni mtu ambaye mtoto alikuwa akimfahamu tayari.

Ni bodaboda anayempeleka shule. Ni binamu aliyekuja likizo. Ni kijana wa duka la vocha, ambaye namba ya simu ya binti hakuitafuta popote. Aliandikiwa na binti mwenyewe siku ya kuongeza salio. Wazazi wamezoea kumwonya mtoto asiongee na watu asiowajua, onyo ambalo kwa huyu halina kazi. Anajulikana, anaamkiwa shikamoo. Mtandao unachomwongezea ni saa za ziada: jioni mlango ukifungwa, mazungumzo yanaendelea. Anatuma bando la intaneti, kisha vocha, kisha anaomba picha moja ya kawaida. Ya pili si ya kawaida sana. Bando ni hongo ndogo kiasi kwamba mtoto haioni kuwa hongo, na mzazi akikuta salio limeongezeka hufikiri ni ofa ya mtandao.

Wavulana nao wana mtego wao, na unazungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Msichana mrembo anaomba urafiki, anatuma picha ya utupu, anaomba ya mwenzake. Ikishatumwa tu, msichana anatoweka na sauti ya biashara inachukua nafasi: tuma pesa au picha inakwenda kwa mama yako, kwa mwalimu, kwa kila anayekufuata. Machi 2022 mvulana wa miaka 17 huko Michigan, Marekani, aliingia katika mtego huo na kuutoa uhai wake saa chache baadaye. Aliyekuwa akimwandikia hakuwa msichana. Ndugu wawili wa Lagos walipelekwa Marekani kushtakiwa, na Septemba 2024 kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 17 na nusu. Mvulana alidaiwa dola 1,000. Alituma 300. Hawakunyamaza. Hilo ndilo la kumwambia kila mtoto wa kiume mwenye simu mkononi: malipo ya kwanza humthibitishia mtishaji kwamba mfuko upo, na huwa hamalizi.

Baada ya hayo yote, kuna upande ambao wazazi na walimu hawapendi kuguswa. Picha nyingi za watoto zilizoko mitandaoni ziliwekwa na watu wazima, kwa furaha tele. Ikifika Novemba na Desemba, stetasi za WhatsApp hujaa mahafali ya chekechea: mtoto kwenye joho, nembo ya shule kifuani, jina kamili kwenye cheti alichokishika, na bango la nyuma likitaja mtaa. Mgeni mwenye nia mbaya hahitaji kuuliza swali lolote. Anamjua mtoto kwa jina, anajua anasoma wapi, na mama ameshaandika chini kwamba baba yuko safarini.

Kenya imewahi kulitolea bei jambo hili. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kuweka hadharani picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria iliyotumika ni ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, iliyozinduliwa Aprili 2024, kwa hiyo mkuu wa shule anayejaza ukurasa wa Facebook na sura za wanafunzi ili kuvutia wazazi wapya angefanya vyema kuisoma. Fomu ya idhini ni karatasi moja.

Kibaya kuliko mahafali ni huruma iliyokosea njia. Video ya mtoto anayedhalilishwa inaingia kwenye kundi, na chini yake mtu ameandika: sambazeni mpaka huyu mshenzi apatikane. Watu wema, wenye watoto wao, wanaisukuma mbele kwenye makundi sita. Mtoto huyo kesho anakwenda shule, na kila aliyemtazama amemwona. Sheria nayo ni kali. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kuchapisha maudhui ya ngono yanayomhusisha mtoto kunaweza kumpeleka mtu jela kwa muda usiopungua miaka saba. Ya Kenya ya 2018 inafika miaka 25 au faini ya shilingi milioni 20. Video kama hiyo ina safari moja tu halali: polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kwa Tanzania, au kitengo cha ulinzi wa watoto cha Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) kwa Kenya.

Turudi kwenye simu ya kuazima, kwa kuwa inawezekana kuishi nayo vizuri. Hatua yenye faida kubwa ni ile inayopingana na silika ya wazazi wengi: mtoto aliyefikisha 13 na anayeingia TikTok kila siku kwa jina la mama afunguliwe akaunti yake, kwa mwaka wake halisi wa kuzaliwa, kwenye simu hiyo hiyo. Programu inaruhusu akaunti zaidi ya moja na kuhama kati yake ni kugusa mara mbili. Wazazi husita, wakiona ni kama kumbariki mtoto aingie mitandaoni. Ameshaingia. Tofauti ni kwamba sasa mtandao unajua ni mtoto, na video zinazopangwa mbele yake, watu wanaoweza kumwandikia na laivu anazonyimwa vinafuata umri huo.

Kwa wadogo zaidi, simu nyingi za Android zina njia ya kuibandika programu moja kwenye skrini, ipatikanayo upande wa usalama kwenye mipangilio. Mzazi anafungua katuni au YouTube Kids, anaibandika, na mtoto hawezi kutoka humo kwenda WhatsApp mpaka namba ya siri iingizwe. Namba hiyo bila shaka iwe mpya, maana ya zamani anaijua. WhatsApp yenyewe hufungwa kwa alama ya kidole, na kwenye sehemu ya faragha kuna mahali pa kuchagua nani anaweza kumwingiza mtu kwenye makundi. Kwa kawaida pameachwa wazi kwa kila mtu. Kubadili hapo hakugharimu hata shilingi.

Likizo zinahitaji jicho la pekee. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, za bweni ndizo kali kupita zote, kwa hiyo kijana wa kidato cha pili hukaa miezi bila mtandao, kisha Juni au Desemba anarudi nyumbani na kuukuta mezani, usiku na mchana, na wenzake wote wako hewani kwa wakati mmoja. Hajapewa nafasi ya kujifunza kidogo kidogo. Mzazi anayeketi naye wiki ile ya kwanza, akatazama anachotazama na kuuliza huyu ni nani na mmejuana wapi, hupata habari ambazo Januari hatazipata.

Na siku mambo yakiharibika, dakika za mwanzo ndizo huharibu zaidi. Mzazi ananyang'anya simu, anafuta kila kitu kwa hasira, wengine wanaipasua ukutani, na kiboko kinafuata. Ushahidi umekwenda, na mdogo wake aliyekuwa akitazama mlangoni amejifunza kutosema. Utafiti ule wa nchi kadhaa ulikuta watoto wachache mno wanaofika polisi au kwenye namba ya msaada. Wengi humwambia rafiki au hawamwambii mtu yeyote. Kinachotakiwa ni kupiga picha za skrini zenye namba na jina la akaunti ya mtishaji, kutolipa chochote, kisha ndipo kumzuia. Namba 116 ya huduma kwa mtoto, Tanzania na Kenya, hupigwa bure, hata kwa simu ya kitochi isiyo na salio.

Picha ya utupu ya mtu aliye chini ya miaka 18 inaweza pia kuwindwa kupitia Take It Down, huduma ya bure ya kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyonywa, iliyoanza Februari 2023. Mtoto hatumi picha kwa yeyote. Simu yake huisoma picha na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu usio na mwenzake, na huo tu ndio unaosafiri. Facebook, Instagram, TikTok na Snapchat ni kati ya zinazoupokea na kutafuta nakala zinazolingana nao. Jina halihitajiki.

Huduma hiyo ina mpaka mmoja, na unatugusa sisi kuliko wengine: haioni ndani ya mazungumzo yaliyofungwa kwa usimbaji kama ya WhatsApp. Humo anayeweza kusafisha ni admini wa kundi. Tangu 2022 amepewa uwezo wa kufuta kwa wote ujumbe wa mwanakundi yeyote, na akiripoti kabla ya kufuta, WhatsApp hupelekewa jumbe tano za mwisho pamoja na akaunti ya aliyezituma. Makundi ya wazazi wa darasa yana admini, mara nyingi mwalimu au mweka hazina wa michango, na ni wachache waliowahi kukumbushwa kwamba kazi hiyo ni yao.